Ilipendekezwa na Nani?

Tulipomzika Babu, kazi niliyopewa ilikuwa ya makaratasi. Wajomba waligawana mambo makubwa: ng'ombe, hema, gari la kubeba mwili. Mimi, kwa sababu nilitoka Nairobi na eti "nimesoma", nikaambiwa nipange kisanduku cha bati kilichokuwa chini ya kitanda chake. Humo nilikuta risiti za karo za miaka ya 70, kadi za kura, tai mbili, na madaftari matatu makubwa ya jalada gumu. Nilidhani ni hesabu za deni. Kumbe zilikuwa kumbukumbu za mikutano, Alhamisi baada ya Alhamisi, kuanzia 1983 hadi 1996.

Babu alikuwa mwalimu. Tena alikuwa katibu wa klabu ya huduma ya mji wetu, mji mdogo wa ziwani upande wa Homa Bay. Klabu ya aina ile ya Rotary na Lions: kengele mezani, chakula cha mchana, hotuba ya mgeni, faini ya kuchelewa. Sitasema ilikuwa ya mtandao upi wala sitaitaja kwa jina, maana baadhi ya wazee wake bado wako hai na hawapo hapa kujitetea.

Nilikaa chini ya mwembe, watu wakipika na kulia na kubishana, nikaanza kusoma. Na wacha nikuambie ukweli: sikutegemea kwamba madaftari ya mikutano yatanifanya nikose usingizi.

*

Kwanza turudi nyuma kidogo, kwa sababu vilabu hivi vina asili ambayo wengi wetu hatuijui. Tunaona tu gurudumu la rangi ya dhahabu kwenye ubao kando ya barabara, au kichwa cha simba kwenye benchi la hospitali, tunapita.

Alhamisi, tarehe 23 Februari 1905, wanaume wanne walikutana katika chumba kimoja cha ofisi mjini Chicago. Mmoja alikuwa wakili, Paul Harris. Wengine walikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani mwenye duka. Harris alikuwa amelelewa na babu na nyanya yake katika kijiji kidogo cha Wallingford, jimbo la Vermont. Alifika Chicago 1896, akapata kazi, akapata wateja, lakini hakupata watu. Jumapili zilimshinda. Alitaka marafiki wa aina ile aliyoiacha kijijini: unajua kazi ya jirani yako, unajua mtoto wake anaitwa nani, ukiugua kuna mtu anabisha mlango.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Huyu msee angekuwa hai leo, angekuwa anaishi bedsita Roysambu, akimpigia nyanya yake simu kila Jumapili jioni. Yaani klabu ya huduma ilibuniwa na mtu wa ushago aliyekuwa mpweke jijini.

Wale wanne waliamua kukutana kwa zamu, leo ofisi ya huyu, wiki ijayo ofisi ya yule. Kutokana na mzunguko huo wakapata jina: Rotary. Sasa hebu linganisha na nyumbani. Akina mama wa ziwani wana kitu kinaitwa nyoluoro, wanachama wakichanga kidogo kidogo, na fungu likizunguka kutoka nyumba hadi nyumba. Neno lenyewe la Kijaluo linabeba maana ya kuzunguka. Hawakulitoa Chicago. Kwa hivyo mji wetu ulikuwa na mizunguko miwili: mmoja wa wanaume wenye tai, uliokutana hotelini, na mwingine wa wanawake wenye leso, uliokutana penye kivuli. Mmoja uliandikwa kwa Kiingereza katika daftari la jalada gumu. Mwingine nitaufikia.

*

Kuna jambo jingine la mwaka huo wa 1905. Reli ilikuwa imefika Kisumu miaka minne tu kabla, 1901, na sasa zikaingia ziwani nyavu mpya za uzi wa kitani. Kabla ya hapo watu wa Nam Lolwe walivua kwa mitego ya vikapu na kwa kokoro za mafunjo. Nyavu mpya zilinasa ngege kwa wingi ambao haujawahi kuonekana, na treni ikawabeba kuelekea Nairobi. Furaha haikudumu. Mwaka 1927 hadi 1928 mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, alitumwa kulichunguza ziwa kwa sababu samaki walikuwa wamepungua vibaya, akashauri tundu la wavu lisiwe chini ya inchi 5.

Nasema haya ili ujue kwamba kufikia wakati klabu yetu inagonga kengele yake ya kwanza, watu wa ziwa walikuwa wameshazoea kuletewa mambo mapya na wageni, na kuambiwa baadaye kwamba wameyatumia vibaya. Waliujua mtindo huo vizuri.

Vilabu vya huduma vilifika Kenya kupitia Nairobi. Klabu ya Rotary ya Nairobi ilianza 1930, enzi za mkoloni, wakati mji ule ulikuwa umegawa watu kwa rangi hadi kwenye viti vya kupumzikia. Miji midogo ilipata yake baadaye. Kwa mwalimu kama Babu, mtoto wa mvuvi aliyejifunza kusoma akiwa mkubwa, kuketi meza moja na daktari wa hospitali na meneja wa benki kulikuwa ni ushahidi kwamba uhuru ulikuja kweli. Sitamkejeli kwa hilo. Katika daftari la kwanza aliandika majina yote kwa mwandiko wa mlazo, na lake mwenyewe akalipigia mstari kwa rula.

*

Rotary ya mwanzo ilikuwa na kanuni: kila kazi iwakilishwe na mtu mmoja. Wakili mmoja, fundi mmoja, mwenye duka mmoja. Nia ilikuwa kuzuia kundi moja kuteka klabu. Klabu yetu iliifuata kanuni hiyo kwa moyo wote. Orodha ya 1983 ina daktari, mfamasia, mwalimu (Babu), meneja wa benki, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mchungaji, mkandarasi, na katika nafasi ya "samaki", afisa wa idara ya uvuvi.

Samaki walipewa kiti kimoja, kikakaliwa na mtu wa ofisini.

Huenda hakuna aliyekusudia kuwafungia wavuvi nje. Ratiba tu ndiyo iliyowafungia. Klabu ilikutana Alhamisi saa saba mchana, kila wiki, na ukikosa mara nne mfululizo jina lako linafutwa. Kanuni ya mahudhurio ilikuwa kali hivyo katika vilabu vingi vya Rotary duniani. Lakini kalenda ya mvuvi wa omena haijui Alhamisi. Omena huvuliwa usiku, kwa taa. Taa inawavuta wadudu, wadudu wanawavuta omena, wavu unafanya kazi yake. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa unazidiwa nguvu na samaki hawakusanyiki, kwa hivyo mashua hupumzika siku kadhaa. Giza likirudi, kazi inarudi. Mvuvi analala mchana. Mwanamke anayenunua omena alfajiri anaanika mchana kutwa, macho kwa mawingu na fimbo mkononi, kwa sababu kuku, yangeyange na mvua wote wanaitaka mali yake.

Mji mmoja, saa mbili: moja ukutani pale hotelini, na nyingine angani.

*

Mradi wa kwanza wa huduma wa Rotary ya Chicago, mwaka 1907, ulikuwa kampeni ya vyoo. Walitaka vyoo vya umma katikati ya jiji. Wenye mabaa na maduka makubwa walipinga, maana mtu akibanwa huingia kwao na kununua kitu. Napenda sana kwamba hadithi yote hii kubwa ya huduma, yenye wanachama zaidi ya milioni moja leo, ilianzia chooni.

Klabu yetu nayo ilijenga choo. Daftari la pili lina kurasa kumi na moja za mjadala: mabati ya geji gani, shimo la futi ngapi, bamba la jina liwekwe upande gani. Kipindupindu kilikuwa kinarudi mara kwa mara kule ufuoni, kwa hivyo nia ilikuwa njema kabisa. Choo kilijengwa. Kikafunguliwa kwa hotuba tatu. Kisha kikafungwa kwa kufuli ili kisichafuliwe, na ufunguo ukakaa kwa afisa, na afisa alikuwa anatoka kazini saa kumi.

Mashua hutoka jioni na kurudi alfajiri. Hesabu mwenyewe.

Hakuna mahali popote katika kurasa hizo kumi na moja pameandikwa kwamba mtu alishuka ufuoni kuuliza. Wanawake, kama ningewauliza leo, wangesema walichohitaji wakati ule kilikuwa ni vichanja. Omena ikianikwa mchangani inakusanya mchanga na bei inaanguka; ikianikwa kwenye wavu uliotandazwa juu ya miti, inakauka haraka na kuuzwa vizuri. Vichanja vingegharimu kidogo kuliko lile bamba la jina. Najua bei ya bamba. Babu aliiandika.

*

Sasa tufike kwenye ukurasa ulioninyima usingizi.

Tarehe 30 Juni 1925, Helen Keller, mwanamke aliyepoteza kuona na kusikia akiwa mtoto mchanga, alihutubia mkutano wa Lions huko Cedar Point, Ohio, kando ya Ziwa Erie. Aliwaomba Lions wawe watetezi wa vipofu. Tangu hapo kazi ya macho ikawa kama nembo yao, na vilabu vya kila aina vikaiga: kambi za macho, miwani, upasuaji wa mtoto wa jicho. Maneno yaliyosemwa kando ya ziwa moja yakasafiri hadi ziwa jingine.

Klabu yetu iliandaa kambi ya macho mwaka 1988. Daktari alitoka Kisumu na masanduku ya vifaa. Hema zikasimama. Watu waliofika hawakujaza benchi mbili. Mwaka 1989 wakarudia, na mambo yakawa yale yale. Kumbukumbu za mkutano uliofuata ni chungu kusoma: mwanachama mmoja anasema watu wa ufuoni wanapenda kulala, mwingine anasema wanaamini uchawi kuliko dawa, wa tatu anashauri pesa zipelekwe kwingine kwenye shukrani.

Halafu, wiki mbili baadaye, kuna sentensi moja fupi. Kwa Kiingereza cha Babu, ambacho kwa Kiswahili kingekuwa hivi: ilipendekezwa kwamba kambi ijayo ifanyike wakati wa mwezi mpevu.

Basi. Hakuna jina. Katika madaftari yale kila pendekezo lina mwenyewe: mheshimiwa huyu alipendekeza, mheshimiwa yule akaunga mkono. Babu alikuwa mtu wa kuandika hadi nani alikohoa. Lakini hapa, "ilipendekezwa", kana kwamba pendekezo lilitambaa lenyewe kutoka ziwani likapanda mezani.

Kambi ya 1990 ilifanyika mwezi ukiwa mpevu. Mashua zilikuwa zimepumzika, hakukuwa na omena ya kulinda, watu walikuwa macho na walikuwa na nafasi. Foleni ilianza kabla ya jua. Daktari aliongeza siku ya pili. Wazee waliokuwa wanaongozwa kwa fimbo na wajukuu wakapelekwa Kisumu kutolewa mtoto wa jicho, wakarudi wakiziona nyuso za hao wajukuu. Klabu ikapongezwa na makao makuu. Barua imebandikwa kwa gundi katika ukurasa.

Nilikwenda jikoni na daftari mkononi. Nyanya alikuwa amekaa kwenye kigoda, akichambua omena ya waombolezaji. Ninapaswa kukuambia kwamba Nyanya aliuza omena maisha yake yote. Pia, kila Alhamisi kwa miaka kumi na tatu, yeye ndiye aliyewapikia wale waheshimiwa ngege, kwa kuwa mpishi wa hoteli hakujua kumpika samaki bila kumvunja. Katika madaftari yote matatu anaonekana hivi tu: "Chakula", halafu shilingi.

"Dana," nikamwambia, "nani alisema kambi ya macho iwekwe mwezi mpevu?"

Hakuinua kichwa. "Nyakwara, wewe ungefikiri nani?"

Akanisimulia. Alikuwa anaondoa sahani. Waliendelea kubishana juu yake, kama ambavyo watu hubishana juu ya kichwa cha anayeondoa sahani. Akasikia habari ya uvivu na uchawi. Usiku ule akamwambia Babu: hao watu wenu wanakuja wakati wa giza, nani ataacha omena yake iliwe na ndege akapimwe macho? Babu alinyamaza. Alhamisi iliyofuata akalipeleka neno hilo mezani.

"Na hakukutaja?"

"Angesemaje? Kwamba mke wake ameingilia mkutano wa wanaume?" Akapuliza vumbi la omena. "Si kambi ilijaa?"

*

Ni rahisi kumhukumu Babu, na kwa siku mbili nilimhukumu vya kutosha. Lakini historia inanipa muktadha, hata kama hainipi kisingizio.

Mwaka 1977 klabu ya Rotary ya mji wa Duarte, California, iliwapokea wanawake watatu. Mwaka uliofuata klabu nzima ilifukuzwa kwenye mtandao kwa kosa hilo. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 4 Mei 1987 majaji wakaamua kwamba sheria ya California inayokataza ubaguzi ina haki ya kuilazimu Rotary ifungue mlango. Miezi michache baadaye Lions walipiga kura huko Taipei kuruhusu wanawake. Rotary ikabadilisha katiba yake 1989 kwa dunia nzima. Kwa hivyo wakati Nyanya anaondoa sahani na jibu liko kichwani mwake, ruhusa ilikuwa tayari iko kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa imefika hata mjini kwetu: Babu ameandika kwamba waraka ulisomwa, na jambo likaahirishwa. Likaahirishwa tena. Mwanamke wa kwanza alipokelewa 1994, meneja mpya wa benki. Nafasi ya "samaki" ilibaki kwa afisa wa uvuvi.

Na bado nakataa kusema klabu ile haikuwa na maana. Rotary ilianzisha mpango wa kumaliza polio 1985. Mwaka 1988, dunia ilipoamua kuifuata njia hiyo, polio ilikuwa inapooza watoto wanaokadiriwa kufika 350,000 kwa mwaka. Tarehe 25 Agosti 2020 bara la Afrika lilitangazwa huru na virusi vya polio vya asili. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna maelfu ya watu wa miji midogo waliobeba vibaridi, wakatafuta petroli ya mashua, wakahesabu vidole vya watoto vilivyopakwa wino. Daftari la tatu limejaa petroli: lita ngapi, kisiwa gani, nani alirudi usiku mawimbi yakiwa makali. Mmoja wao alikuwa Babu. Kidole changu kidogo kilipakwa wino huo.

Tena katika kurasa hizo kuna gugumaji. Lilipofunika ghuba miaka ya 90, klabu iliwaita watu waling'oe kwa mikono. Fulana zikachapishwa, picha zikapigwa. Asubuhi iliyofuata upepo ukageuka na ufuo ukawa kijani tena. Babu ameandika tu: "kazi itaendelea." Ni sentensi ya mtu aliyechoka lakini hataki kukubali. Hatimaye fukusi walioletwa kulila lile gugu, pamoja na hali ya hewa, ndio waliolipunguza kwa muda. Siku hizo mbuta alikuwa akikatwa minofu viwandani na kupelekwa Ulaya, na watu wa ziwa wakinunua mifupa yake ya kukaanga, mgongo wazi. Nyanya anasema katika miaka ile kila mtu alikuwa anapewa mgongo wa kitu fulani.

*

Usiku wa kuamkia safari yangu ya kurudi Nairobi, Nyanya alinitolea daftari lake. Dogo, la shule, la kurasa thelathini na mbili, limefungwa kwa uzi wa wavu. Ni la nyoluoro yao. Aliyeandika ni binti wa mwenzao mmoja aliyekuwa amefika darasa la sita, kwa hivyo mwandiko unapanda na kushuka kama mashua. Halina ajenda. Lina majina, na mbele ya kila jina kitu alichopata zamu ilipomfikia: bati, bati, karo, jeneza, wavu, bati. Na ukurasa wa mwisho, wa mwaka ule ule wa 1990, vichanja vinne. Walijijengea wenyewe. Nikahesabu majina kumi na saba. Hakuna hata pendekezo moja lisilo na mwenyewe.

Nilimuuliza kama naweza kuongeza kitu kwenye daftari la Babu. Akauliza kitu gani. Nikamwonyesha ile sentensi. Hasomi Kiingereza, lakini aliutazama mwandiko wa mumewe kwa muda mrefu, akaugusa kwa kidole chenye harufu ya samaki.

"Usifute alichoandika," akasema. "Andika pembeni."

Nikachukua kalamu nikaandika jina lake pembeni, lote, la kwao na la kuolewa. Akataka nimsomee. Nikamsomea. Akasema nimekosea herufi moja katika jina la baba yake, nikairekebisha.

Kisha akaniuliza mwezi uko wapi, nikatoka nje kuangalia.